Reli ya Bluebell: Miaka 65 ya Mvuke, Mikono ya Kujitolea na Rangi ya Asili

Desemba 1875, karakana ya Brighton kusini mwa Uingereza ilitoa injini ndogo ya mvuke namba 55 na kuipa jina Stepney, mtaa mmoja wa mashariki mwa London. Haikuwa na ukubwa wa kutisha: tani 28 hivi, magurudumu sita, matangi ya maji ubavuni. Kazi yake ilikuwa kuwapeleka watu wa mjini kazini asubuhi na kuwarudisha makwao jioni. Takriban miaka 85 baadaye, tarehe 17 Mei 1960, injini hiyohiyo iliingia stesheni ya Sheffield Park katika Sussex ikiwa mali ya watu ambao wengi wao hawakuwahi kuajiriwa na reli hata siku moja. Tarehe 7 Agosti mwaka huo abiria wa kwanza wakapanda.

Makala haya yanaadhimisha miaka 65 ya safari hiyo ya kwanza. Ukiuliza nini kimeifikisha Reli ya Bluebell hapa ilipo, wengi watataja michango ya wanachama na mapenzi ya mvuke, na hawatakuwa wamekosea. Mimi naona kuna jambo lililotangulia hayo yote. Hawa ni watu waliokataa kubahatisha. Kila walipokwama walirudi kwenye asili ya jambo, iwe kifungu cha sheria au tabaka la rangi lililojificha nyuma ya kibao cha shaba, wakaisoma kwanza, ndipo wakaamua.

1882–1958: Reli iliyotetewa na kifungu cha sheria

Njia kati ya miji ya Lewes na East Grinstead ilifunguliwa tarehe 1 Agosti 1882. Ilipita katikati ya mashamba na misitu, ikihudumia vijiji vidogo kwa treni zisizo na haraka. Kila mwaka baridi inapokwisha, maua ya buluu yaitwayo bluebell hufunika ardhi ya misitu hiyo kama mkeka uliotandikwa, na kwa sababu hiyo wenyeji waliipa njia yao jina la ua.

Mwaka 1955 Shirika la Reli la Uingereza liliamua kuifunga kwa kuwa haikuwa na faida. Treni zilikoma mwishoni mwa Mei, na wengi waliona mambo yamekwisha. Mkazi mmoja wa kijiji cha Chailey, Bi Madge Bessemer, hakuona hivyo. Alizitafuta sheria za Bunge zilizoruhusu reli hiyo kujengwa miaka ya 1870, akazisoma, akakuta kifungu kinachomlazimu mwenye reli kupitisha treni nne kila upande kila siku. Kifungu hicho kilikuwa bado hai. Shirika halikuwa na mamlaka ya kufunga kitu ambacho Bunge lilikuwa limeamuru kiendeshwe.

Tarehe 7 Agosti 1956 treni zikarudi, ingawa kwa shingo upande. Zilisimama kwenye stesheni zilizotajwa na sheria tu: Barcombe na Kingscote hazikuwamo, kwa hiyo treni zilizipita huku watu wakitazama. Saa za safari hazikumfaa mfanyakazi wala mwanafunzi. Wenyeji wakaiita huduma ya kununa. Iliendelea hivyo mpaka Bunge lilipokifuta kifungu kile, na treni ya mwisho ikapita tarehe 16 Machi 1958.

Bi Bessemer alishindwa kwa maana ya kisheria, lakini miezi ile 19 aliyoinunua kwa kusoma ilikuwa na thamani kubwa. Iliwapa watu muda wa kuanza kufikiri kwamba reli inaweza kuwa yao.

1959–1960: Kikao cha Haywards Heath

Wazo la kuiokoa njia lilitoka kwa vijana. Baadhi yao walikuwa wanafunzi ambao hawajatimiza miaka 20, wasio na mtaji wala jina. Tarehe 15 Machi 1959 waliitisha mkutano katika mji wa Haywards Heath, wakamwomba mtu mzima mwenye uzoefu awaongozee kikao. Huyo alikuwa Bernard Holden, mtumishi wa reli tangu ujana, mtoto wa mkuu wa stesheni aliyezaliwa mwaka 1908 ndani ya nyumba ya stesheni ya Barcombe, kwenye njia hiihii. Siku hiyo chama kikaundwa. Holden alikuja kuwa rais wake na akabaki nguzo yake mpaka alipofariki mwaka 2012 akiwa na umri wa miaka 104.

Nia ya mwanzo ilikuwa kufufua njia nzima kwa ajili ya wasafiri wa kawaida. Uwezo haukuwepo, na wakazi wengi walishazoea mabasi na magari yao. Chama kikapunguza ndoto bila kuitupa: kipande cha kilomita 8 hivi, kutoka Sheffield Park hadi karibu na Horsted Keynes, kitakachoendeshwa kwa injini za mvuke za zamani na watu wa kujitolea. Hata kipande hicho hakikuwa chao. Kilikuwa cha kukodi, na treni za kwanza hazikuruhusiwa kuingia Horsted Keynes, kwa sababu Shirika lilikuwa bado linapitisha treni zake za umeme pale. Walijenga kituo kidogo cha muda nje ya stesheni, wakageuzia hapo.

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa reli ya kwanza ya njia ya upana wa kawaida kubeba abiria kwa mvuke chini ya watu wa kujitolea. Injini zilikuwa mbili, Stepney na mwenzake namba 323 aliyepewa jina Bluebell.

Rangi inayoitwa kijani

Hapa naomba msomaji anivumilie, maana ndipo moyo wa taasisi hii ulipo.

Stepney ni kazi ya William Stroudley, aliyekuwa mkuu wa injini wa kampuni ya London, Brighton and South Coast kuanzia 1870 hadi alipofariki Paris mwaka 1889. Alibuni kundi la injini ndogo 50 za aina moja, zilizojengwa kati ya 1872 na 1880, nazo zikabandikwa jina la utani la mbwa wadogo wakali wa kuwinda panya, Terrier. Stroudley alipenda injini zake ziwe safi kama vyombo vya sebuleni. Dereva aliyekabidhiwa injini aliandikwa jina lake kwa herufi za dhahabu ndani ya kibanda chake, na mtu aliyeandikwa jina hawezi kuacha chombo chake kichafuke.

Rangi aliyoichagua kwa injini za abiria iliitwa rasmi kijani cha injini kilichoboreshwa. Ukiitazama, hutaona kijani. Ni manjano ya udongo, karibu na haradali, yenye joto la nyama ya embe dodo. Pembezoni mwa kila bati kuna mpaka wa kijani cha zeituni, na kati yake mistari myembamba ya nyeusi, nyekundu na nyeupe. Fremu ya chini ni damu ya mzee. Paa la kibanda ni jeupe, na bomba la moshi limevikwa shaba nyekundu mdomoni. Ukisikia maelezo haya bila kuiona unaweza kudhani ni vurugu. Ukiiona juani, unaelewa kwa nini watu wamejitolea nusu ya maisha yao kuirudisha.

Rangi hiyo haikudumu. Mwaka 1905 uongozi ulibadilika na injini za abiria zikaanza kupakwa kahawia iliyokolea. Mwaka 1923 kampuni zikaunganishwa kuwa Southern, na kijani cha zeituni kikatawala. Vita Kuu ya Pili ilileta weusi, kwa kuwa hapakuwa na mtu wala dawa ya kung'arisha. Reli zilipotaifishwa mwaka 1948, injini ndogo zilipakwa nyeusi ya shirika jipya. Kwa hiyo bati la injini ya umri huu lina historia ya tawala zote hizo, moja juu ya nyingine, katika unene usiozidi ukucha.

Kuisoma historia hiyo kuna utaratibu. Fundi huanza kwa kutafuta mahali ambapo msasa wa wenzake waliotangulia haukufika: nyuma ya kibao cha namba, chini ya mkanda wa boila, kwenye kona ya ndani ya kibanda, mahali palipofunikwa na mshikio. Hapo husugua kwa msasa wa maji uliolainika sana, polepole, mpaka matabaka yafunguke kwa duara, ya juu nje na ya kale katikati, kama pete za mti uliokatwa. Duara lisilozidi sarafu linaweza kuonyesha nyeusi, kijani, kahawia, na ndani kabisa alama ya manjano.

Kuiona alama hiyo ni mwanzo tu, maana rangi huongopa kadiri inavyozeeka. Rangi za wakati ule zilikuwa na risasi ndani yake, na risasi ikikutana na moshi wenye salfa hugeuka kuwa nyeusi kidogo kidogo. Halafu ipo vanishi. Karne ya 19 injini na mabehewa ya fahari yalipakwa vanishi tabaka kadhaa juu ya rangi, vanishi iliyochemshwa kwa mafuta ya kitani na utomvu mgumu wa miti. Miongoni mwa tomvu zilizosifiwa kuliko zote kwa ugumu na mng'ao ilikuwa sandarusi ya pwani yetu, ile iliyochimbwa ardhini huko Mrima na kusafirishwa kupitia Zanzibar kwenda Ulaya na Marekani kwa ajili ya vanishi za mabehewa. Wachimbaji wa sandarusi wa Bagamoyo na Rufiji wangeshangaa kujua jasho lao liling'arisha nini. Vanishi ya namna hiyo huanza kama maji na huishia kama asali, ikiipa rangi iliyo chini yake umanjano ambao mpakaji wa mwanzo hakuukusudia. Anayelinganisha rangi lazima aamue: anairudisha rangi ilivyokuwa siku ilipotoka karakana, au ilivyoonekana baada ya miaka mitatu ya jua na mvua?

Picha za zamani hazisaidii kama mtu anavyotarajia. Licha ya kwamba hazina rangi, bamba za picha za enzi hizo hazikuhisi vizuri mwanga wa manjano wala mwekundu. Injini ya manjano inayowaka hutokea kwenye picha ikiwa nzito na ya giza, na anga la buluu hutokea jeupe. Wengi wamedanganywa na jambo hilo wakadhani injini za Stroudley zilikuwa za rangi iliyokolea.

Shahidi wa kuaminika zaidi ni chuma chenyewe pamoja na ndugu zake waliosalia. Katika jumba la makumbusho ya reli la taifa mjini York ziko injini mbili za Stroudley: Gladstone ya mwaka 1882, iliyookolewa na chama cha wapenzi wa reli mwaka 1927 wakati kuokoa injini lilikuwa jambo la ajabu, na Boxhill ya mwaka 1880, ambayo ni pacha wa Stepney. Nazo zimeshapakwa upya, kwa hiyo ni za kuongozea na si za kunakili. Fundi hutengeneza vibao vya majaribio, akavipeleka nje kwenye mwanga wa mchana, kwa kuwa taa za karakana humfanya mtu achague manjano baridi mno. Huvitazama vikiwa vimekauka, huvitazama asubuhi na alasiri, kisha huongeza tone la nyeusi au la nyekundu na kuanza tena. Rangi za leo hazina risasi, jambo jema kwa mapafu ya mpakaji, lakini mwili wake ni mwingine na hukaa juu ya bati kwa namna nyingine. Kufanana kwa karatasi ya vipimo hakutoshi. Jicho ndilo la mwisho.

Baada ya hapo ndipo kazi inayoonekana huanza: kukwaruza kutu, kupaka rangi ya msingi, kujaza mashimo, kusugua, kupaka tena, kusugua tena. Mistari huchorwa kwa mkono na brashi yenye nywele ndefu, na mtu anayeichora hushika pumzi mwanzo wa bati na kuiachia mwisho wake. Watu wanaofanya kazi hii mwishoni mwa juma ni walimu, wauguzi, mafundi umeme na wastaafu wa benki.

Kuna swali moja ambalo sitalificha, kwa sababu taasisi hii yenyewe haijalificha. Stepney ilifanyiwa matengenezo makubwa mwaka 1912, ikapata boila ya aina mpya na umbo tofauti mbele. Ikivaa manjano ya Stroudley, inavaa vazi la 1875 juu ya mwili wa 1912, nao ni mchanganyiko ambao haukuwahi kuonekana kwenye huduma. Wapo wanaosema hilo ni kosa. Mimi nasema si kosa maadamu linasemwa wazi. Msafiri anastahili kuiona rangi ile, na anastahili pia kuelezwa kwamba boila ile na umbo lile la mbele ni vya baadaye.

1963–1979: Kisiwa, na uwanja wa vyuma vya Barry

Oktoba 1963 Shirika lilifunga njia yake ya umeme ya kuja Horsted Keynes. Bluebell ikawa kisiwa: hakuna reli nyingine iliyoigusa, na kila injini mpya ililazimika kuletwa kwa lori. Upande wa kaskazini, reli na mataruma viling'olewa katikati ya miaka ya 1960. Mwaka 1964 iliongezeka Fenchurch, Terrier ya mwaka 1872 iliyokuwa ikifanya kazi bandarini Newhaven. Ndiyo kongwe kuliko injini zote za reli hii.

Mwaka 1968 chama kilimaliza ukodishaji kwa kuinunua ardhi ya njia kwa paundi 43,500. Mwaka huohuo mvuke ulikoma kwenye huduma za kawaida za Shirika la Reli, na mamia ya injini yalikuwa yamerundikwa kwenye yadi za vyuma chakavu. Yadi maarufu ilikuwa ya Barry, kusini mwa Wales, ambako mwenye yadi alichelewesha kukata injini na kuwapa watu nafasi ya kukusanya pesa. Injini 213 ziliokoka pale. Bluebell ilijipatia kadhaa, zikiwa zimeshaibiwa shaba na kuliwa na chumvi ya bahari. Mfano mmoja unatosha: injini namba 73082, Camelot, iliondoka Barry mwaka 1979 na ikawaka moto tena mwaka 1995. Miaka 16 ya Jumamosi.

1974–2013: Kurudi East Grinstead

Tangu katikati ya miaka ya 1970 chama kilianza kununua vipande vya ardhi kaskazini ya Horsted Keynes. Baada ya uchunguzi wa hadhara, kibali cha serikali kilipatikana mwaka 1985. Kilichofuata kilichukua miaka 28.

Handaki la Sharpthorne lina urefu wa mita 668 na lilikuwa limejaa maji yanayochuruzika. Lilipitiwa tena mwaka 1992. Mwaka huohuo chama kilikabidhiwa daraja la matao 10 la Imberhorne. Aprili 1994 treni zikafika Kingscote, stesheni ileile ambayo treni za kununa zilikataa kusimama. Lakini kati ya Kingscote na East Grinstead kulikuwa na kizuizi ambacho wahandisi wa karne ya 19 hawakukijua. Bonde walilolichimba kupitishia reli lilikuwa limegeuzwa jalala baada ya reli kung'olewa, likajazwa taka za majumbani mpaka juu.

Wengi wangeishia Kingscote. Chama kiliendesha kampeni ya kumwomba kila mtu paundi 10, na kuanzia 2010 taka hizo zikaondolewa kwa treni. Tarehe 23 Machi 2013 treni ya mvuke ikaingia East Grinstead na kukutana na mtandao wa reli ya taifa. Njia sasa ina kilomita 18 hivi, na kisiwa kikaunganishwa na bara baada ya miaka 50.

2000–2024: Injini iliyofufuliwa kutokana na boila

Injini za aina ya Atlantic za kampuni ya Brighton zilikuwa na magurudumu makuu yenye kimo cha zaidi ya mita 2, na ziliheshimika kwenye treni za kwenda pwani. Ya mwisho, Beachy Head ya mwaka 1911, iliacha kazi Aprili 1958 na ikakatwa vipande. Hakuna hata moja iliyobaki.

Mwaka 1986 boila iliyoachwa ilionekana katika yadi ya mbao huko Essex. Ilitoka kwenye injini ya kampuni ya Great Northern, lakini msanifu wa Brighton alikuwa amefanya kazi katika kampuni hiyo, na michoro ya injini zake ilitokana na michoro ya huko iliyorekebishwa kwa wino mwekundu. Boila ilikuwa ndugu wa damu wa ile iliyopotea. Mradi ulizinduliwa Oktoba 2000: fremu mpya, silinda mpya, magurudumu mapya, yote yakifuata michoro ya awali. Agosti 2024 Beachy Head ilianza kuvuta abiria. Kwa kuanzia ilivikwa weusi wenye mistari na namba 32424, sura iliyokuwa nayo mwishoni mwa maisha yake ya kwanza. Kurudi na sura iliyoondoka nayo lilikuwa chaguo sahihi.

Hatua kuu

| Mwaka | Tukio |
|---|---|
| 1875 | Stepney yakamilika katika karakana ya Brighton |
| 1882 | Njia ya Lewes–East Grinstead yafunguliwa, 1 Agosti |
| 1956 | Treni zarudi kwa nguvu ya sheria, 7 Agosti |
| 1958 | Treni ya mwisho ya Shirika, 16 Machi |
| 1959 | Chama chaundwa Haywards Heath, 15 Machi |
| 1960 | Stepney yawasili, 17 Mei. Abiria wa kwanza, 7 Agosti |
| 1963 | Reli yatengwa na mtandao wa taifa |
| 1964 | Fenchurch yawasili |
| 1968 | Ardhi ya njia yanunuliwa |
| 1985 | Kibali cha kurefusha njia chapatikana |
| 1992 | Handaki la Sharpthorne lapitiwa; daraja la Imberhorne lakabidhiwa |
| 1994 | Treni zafika Kingscote |
| 2000 | Mradi wa Beachy Head wazinduliwa |
| 2013 | Treni zafika East Grinstead, 23 Machi |
| 2024 | Beachy Head yaanza kazi |

Uongozi na huduma

Wanachama ndio wenye chama, na kampuni ya reli iliyo chini yake husimamia uendeshaji. Wapo wafanyakazi wa kulipwa, hasa karakanani na ofisini, lakini madereva, wachochea moto, makondakta, wapiga ishara na wapanda bustani wengi ni wa kujitolea. Hakuna anayeingia moja kwa moja kwenye usukani. Mtu huanza kwa kusafisha injini, akapanda kuwa mchochea moto, na baada ya miaka na mitihani akafikia udereva. Watoto nao wana kundi lao, na baadhi ya madereva wa leo walianza huko wakiwa na ndoo ya maji na tambara.

Boila ndiyo bwana mkubwa wa ratiba zote. Kwa kawaida injini hufanya kazi miaka kumi, kisha hufunguliwa kabisa, mabomba yake ya ndani hutolewa, na kila bati hukaguliwa. Ndiyo sababu katika injini zaidi ya 30 za reli hii, ni chache tu zinazowaka kwa wakati mmoja. Hapo ndipo rangi hupata nafasi yake, kwa kuwa injini haivuliwi nguo mpaka boila itoke.

Usahihi huo wa rangi umeenezwa mpaka kwenye majengo. Sheffield Park imerudishwa ilivyokuwa miaka ya 1880, Horsted Keynes ni ya miaka ya 1930, na Kingscote ni ya miaka ya 1950. Abiria anaposafiri anapita tawala tatu, na rangi za milango, mabango na uzio hubadilika pamoja naye. Kampuni za filamu zinalijua hilo. Tamthilia ya Downton Abbey ilipiga picha zake za stesheni Horsted Keynes. Janga la korona lilizima moto wote Machi 2020, na michango ya wanachama ndiyo iliyouwasha tena Agosti.

Neno kwa wasomaji wa Afrika Mashariki

Makumbusho ya Reli Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, yana injini kubwa za aina ya Garratt zilizotengenezwa Manchester miaka ya 1950 na kupewa majina ya milima yetu. Kila moja ilikuwa na tani zaidi ya 250, na zilivuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi zikiwa zimepakwa damu ya mzee. Mojawapo, Mount Gelai, iliwashwa tena mwaka 2001, na watu wakajipanga njiani kuitazama.

Rangi ile ilichanganywa na watu. Baadhi yao bado wapo Nairobi, Mombasa, Tabora na Kampala, wastaafu wa karakana wanaokumbuka kopo lipi lilimiminwa ndani ya lipi, vanishi ilikuwa tabaka ngapi, na mistari ilichorwa na nani. Kama mzee wako ni mmoja wao, kaa naye wiki hii, mwulize, uandike anachosema pamoja na tarehe na jina lake, kisha upeleke nakala kwenye makumbusho.